Tulipokwenda Alby Kuposa Mpigaji

Timu yetu ilipoanza kutafuta mpigaji mpya, mpigaji wa zamani alikuwa mimi, na hakuna aliyeniambia. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nilifanyiwa jambo kisirisiri. Nilijua. Ukikaa Stockholm miaka kadhaa unajifunza kusikia kisichosemwa, maana wenyeji wenyewe hawasemi. Wanakupa kahawa na kuangalia dirishani.

Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli. Najua wengi mmeuona kwenye filamu tu, mkabadilisha chaneli. Mtu mmoja anarusha mpira, mwingine anausubiri ameshika gongo, akiupata anakimbia, na wa upande wa pili wametawanyika uwanjani wanaukimbilia ule mpira. Sasa yupo mchezaji mmoja ambaye yeye haukimbilii mpira wa mtu. Kazi yake kupiga tu. Wenzake wakitoka kwenda uwanjani yeye anabaki kwenye benchi na jaketi lake, zamu ya kupiga ikifika anainuka. Wenzangu walimwita kwa herufi mbili za Kiingereza, mimi nilimwita mpigaji. Goti langu la kushoto lilikuwa limekwisha kwa kuinua wazee wa watu vitandani kule Kista, kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, kwa hiyo nafasi hiyo ndiyo iliyonifaa.

Kocha alikuwa mwalimu wangu wa Kiswidi. Nilipofika kutoka Kigoma mwishoni mwa miaka ya tisini, yeye ndiye aliyetufundisha wageni lugha, na majira ya joto yalipofika alichoshwa na darasa akatupeleka kwenye uwanja ulioko mwendo mfupi kutoka kituo cha Vårby gård. Aliamini kwamba mtu akiambiwa kimbia huku anakimbia, neno lile halitamtoka tena. Wenzangu waliacha mmoja mmoja. Mimi nilibaki, kwa sababu siku ya kwanza nilipewa gongo nikaupiga mpira ukavuka uzio, na yule bwana akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Sijui mikono ilijifunzia wapi. Kwetu tulicheza kandanda, tena vibaya.

Basi nikawa mtu wa timu. Ilikuwa timu ya ridhaa, ya daraja la chini, ya mafundi umeme na watu wa kompyuta, na hakuna aliyekuwa akija kututazama isipokuwa wake zao. Nilitoka Husby nilikokaa Jumamosi asubuhi, nikabadilisha treni mjini, nikafika Vårby gård na begi langu. Nilipendwa kwa namna yao: walinipisha kiti, waliniuliza juu ya hali ya hewa, na zamu yangu ilipofika walinyamaza wote kuangalia.

Mwaka ninaouzungumzia ulikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kitu. Majira ya baridi mama yangu alifariki. Kaka alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini, na kabla ya jua la kwetu kuzama walikuwa wameshamzika, kama dini yetu inavyotaka. Ningetafuta ndege ya nini? Nilimaliza zamu. Niliwalisha wazee uji, nikawabadilisha nguo, nikarudi Husby, nikala, nikalala. Nilisubiri kilio kije, hakikuja. Kilichokuja ni ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, ila hii ilikuwa ya mwili mzima na haikufika mahali pa kuanza kuchoma. Mke tulikuwa tumeshaachana. Binti yangu nikimpigia na Kiswahili changu alinijibu kwa Kiswidi, na sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Nikawa mtu wa ndiyo, sawa, asante.

Kitu kimoja tu kiliipenya ile ganzi. Gongo likikutana na mpira sawasawa, mtetemo unapanda mikononi mpaka mabegani, na kwa muda mfupi unajua kwamba una mabega. Ndiyo maana nilikwenda kila Jumamosi, mvua au jua. Watu wengine wana msikiti, wana ndugu, wana baa. Mimi nilikuwa na ile nafasi ya kupiga, na nikiinyang'anywa sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ila msimu ule nilipiga vibaya. Sitaki kusingizia msiba. Mpira ulikuja, niliuona, mikono ikachelewa. Tulipofunga msimu tukakaa kwenye kibanda chetu cha klabu, kahawa na mikate ya mdalasini, na kocha akasema kwamba mwakani tungependa kuimarisha upande wa kupiga. Alitumia neno hilo, kuimarisha. Kila mmoja akachungulia kikombe chake. Mimi nikasema ni wazo zuri, tena nikaongeza sukari.

Tukaanza kusaka. Wachezaji wenye klabu zao hatukuwaweza, kwa sababu uhamisho una mlolongo wake na hakuna ambaye angetoka timu ya maana kuja kwetu. Kocha alitaka mtu huru, asiye na klabu. Wa kwanza alikuwa Mmarekani mmoja, mwanafunzi wa chuo, alipiga vizuri na alikuwa na adabu, kisha ikajulikana kwamba msimu ukianza kuchangamka yeye anarudi kwao. Wa pili alikuwa Mkyuba aliyefundisha watu kucheza dansi mjini. Alikuja na miwani ya jua wakati jua lenyewe lilikuwa limeshaondoka Uswidi, akapiga mipira mpaka tukachoka kuitafuta vichakani, halafu akauliza klabu itampa nyumba ya namna gani. Kocha akampa kahawa. Na aliyewarushia hao wote mipira ya majaribio alikuwa nani? Mimi. Goti linalia, natupa mpira, mtu anaupiga, nasema vizuri sana. Huko ndiko nilikofikia, na wala sikuona ajabu.

Ndipo mtu mmoja akamnong'oneza kocha kwamba kule Alby kuna Mkongomani, mtu wa Uvira, aliyekulia ukimbizini Kampala. Huko Kampala kuna shule ambako Wamarekani walipeleka mchezo huu, na yeye alikuwa mpigaji anayeogopwa. Sasa ni dereva wa basi, hana klabu, hajagusa gongo tangu afike. Kocha akapiga simu ya nyumbani kwake, akapokea mama mtu, wakasalimiana mpaka Kiswidi cha mama kikaisha. Kesho yake kocha akanijia. "Wewe si unazungumza lugha yao?" akasema, bila hata kupepesa macho.

Nikampigia yule mama. Alifurahi kusikia Kiswahili, akataka kujua mimi ni wa wapi, nikasema Kigoma, akasema basi sisi ni jirani, ziwa tu katikati. Nikamweleza habari ya timu. Akasema, "Mutoto yangu hawezi kuchukuliwa na simu. Kama munamutaka, mukuje kwa nyumba, tuongee kama watu."

Nikamfafanulia kocha. Nikamwambia jambo hili kwetu lina taratibu zake, mtu haombwi mlangoni, tutakwenda kama tunavyokwenda kuposa. Avae koti, asiende na mikono mitupu, na mimi nitakuwa mshenga, yaani yule anayetangulia kusema kwa niaba ya wanaotaka kuoa. Alilipenda sana jambo hilo. Alinunua keki na kofia ya timu, akafika kituoni amechana nywele.

Tulipanda treni ya mstari mwekundu mjini tukakaa tunatazamana. Nilimngoja aseme. Safari ya kufika Alby si fupi, mtu mwenye neno ana nafasi ya kulisema. Alizungumzia uyoga. Alieleza wapi ameuchuma, upi unaliwa na upi unaua, na namna ya kuukausha. Mimi nikawa naitikia. Nilikuwa na hasira naye, nadhani, lakini ilikuwa mbali sana, niliijua tu kwamba ipo.

Mlango ulifunguliwa na mama mwenyewe, kitenge kipya, kilemba kimesimama. Tukavua viatu. Sebuleni alikuwapo mzee wa kanisa lao amevaa suti, ambaye ndiye aliyewekwa kusema kwa upande wa nyumba, na pembeni yake ameketi kijana, ikiwa mtu mwenye ndevu na upara unaoanza anaitwa kijana. Alikuwa amevaa sare ya basi, maana alikuwa anaingia zamu baadaye, na alitazama zulia kama bibi harusi. Mzee akafungua kwa maombi. Aliomba kwa ajili yetu, kwa ajili ya Uswidi, kwa ajili ya njia zote za mabasi. Mimi Mwislamu nikainamisha kichwa kwa heshima. Kocha hakujua aiweke wapi mikono yake, mwishowe akaishika keki.

"Bon," mzee akasema, maana alianza kila jambo kwa ile bon ya Kifaransa. "Tunaona wageni. Wageni wanatafuta nini kwetu?"

Kwa binti husemwa kwamba tumeona ua. Kwa dereva wa basi nilisema tumepita njia tukaona jembe zuri limeegeshwa katika nyumba hii, tumekuja kuliomba likalime. Mzee akacheka, mama akacheka, nikajua tumepokewa. Wakaanza maswali. Hiyo timu inamjua Mungu? Watu wake wanakunywa? Akiumia nani atamwangalia? Kwa nini wanacheza Jumamosi, hawana familia? Kila swali nilimtafsiria kocha, akajibu kwa maneno machache, nami nikayatia chumvi. Walevi hakuna. Wote ni watu wa familia. Ni kama ndugu, mmoja akiumwa wote wanakuja. Niliisifu timu ile mpaka mwenyewe nikatamani kujiunga nayo.

Chakula kikaja. Sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, fufu, ule ugali wao wa muhogo, na ndagala, ambao ni dagaa wa ziwa letu lilelile, sijui aliwapataje Alby. Nilikula vizuri. Nilipofika mahali nikasema nimeshiba, mama, akanitilia tena, kama inavyopasa, nikasema tena nimeshiba, akaongeza kidogo, nikala. Alipomgeukia kocha na mwiko, kocha akasema ameshiba na kufunika sahani yake kwa kiganja. Mama akasimama na mwiko wake hewani, hana pa kuutua. Nikamwambia ndivyo walivyo, amefurahia sana.

Tulipokuwa tunakunywa chai ndipo mama akauliza. Aliuliza kwa utaratibu tu, kama unavyouliza nyumba unayompeleka binti yako ina nani ndani. "Ule mwenye anapigaka pale sasa, ni nani? Ameenda wapi?"

Nikamtafsiria kocha. Nilitafsiri vizuri, sikupunguza neno. Akaniangalia. Alikuwa na macho ya buluu yenye haya, na masikio yake yakawa mekundu. Akasema polepole, kwa ile sauti aliyokuwa anaitumia darasani ili tusipitwe na neno, "Lakini ni wewe."

"Anasema ni mimi," nikawaambia.

Mzee akaweka kikombe. Kijana kwa mara ya kwanza akainua uso akanitazama. Mama akageuza kiti chake, akanielekea mimi peke yangu, kocha akabaki upande wa mgongo wake.

"We baba," akasema. "Wamekutuma wewe uje kuomba mutu wa kukutoa pahali pako?"

Nikakizungusha kikombe changu kwenye kisahani.

"Na wewe umekubali?"

Tangu habari ile ianze hakuna aliyeniuliza hivyo. Si kocha, si wenzangu, hata mimi sikuwa nimejiuliza. Nilitaka kusema hapana. Nakumbuka vizuri kwamba neno lilikuwapo, lilikuwa karibu. Lakini utasemaje hapana katika nyumba ya mtu, umekula chakula chake, umekuja kama mshenga, na mbele yako amekaa mwanawe uliyetoka kumsifu? Utaonekana mtu wa namna gani? Nikasema kile ambacho mtu mwenye adabu anasema.

"Mama, mimi nimeshapiga vya kutosha. Goti nalo limechoka. Nampisha ndugu yangu kwa moyo mweupe."

Anayetoka kwetu, au ng'ambo kwao, anajua maneno hayo yanavyokwenda. Mtu akisema napisha, wenzake wanamwambia la hasha, kaa, bila wewe itakuwaje. Anakataa, wanamshika mkono. Anakataa kidogo zaidi, wanamsihi, mwishowe anakaa, na kila mtu ameheshimiwa. Ndivyo unavyompa mtu nafasi ya kukutaka. Na yule mama alijua, Mungu amlipe mema. Hakungoja. "Apana, baba, usiseme hivyo," akasema. "Ungali na nguvu." Mzee naye akadakia kwamba mtu hafukuzwi kwenye kiti chake kabla hajachoka mwenyewe. Walitimiza sehemu yao yote. Iliyobaki ilikuwa ya kocha, maana nafasi ilikuwa mkononi mwake.

"Umesema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Neno kwa neno, kwa Kiswidi alichonifundisha yeye, kwamba nimepiga vya kutosha na ninampisha huyu kwa moyo mweupe. Sikumwambia kwamba hapo ndipo unapotakiwa kunikatalia. Hilo haliambiwi. Ukimwambia mtu akusihi, kuna kusihiwa tena hapo? Nikashika kikombe changu, nikangoja.

Kocha akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akaniwekea mkono begani. Machozi yalimlenga, wallahi, yule bwana alikuwa karibu kulia. Akasema anaheshimu sana uamuzi wangu. Akasema kwa muda mrefu amekuwa halali vizuri akiwaza namna ya kunieleza, na kumbe mimi nimemtangulia kwa ukubwa wa moyo.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema asante," nikajibu.

Mama akamtazama kocha kwa muda, kisha akanitilia chai bila kuniuliza. Mzee akaona ni heri shughuli iendelee. "Bon. Tumesikia wageni. Sasa mwenyewe anasema nini?" Ndiyo, mwenyewe anaulizwa mwisho, na ndivyo inavyofanyika. Kijana akakohoa, akaweka mikono magotini.

"Nitafikiri," akasema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Mama akaanza kukusanya vikombe. Mimi nikajua, sote tukajua, kwamba limekwisha, maana mtu anayesema nitafikiri mbele ya wageni ameshafikiri, na hataki kuwaaibisha. Kocha peke yake aliposikia tafsiri akachangamka. Akasema kufikiri ni jambo zuri, achukue muda wote anaotaka, akampa ile kofia.

Kijana alitusindikiza mpaka kituoni kwa kuwa naye alikuwa anakwenda kazini. Kocha akatangulia kusoma saa za treni. Ndipo yule kijana akanisogelea. "Kaka, unisamehe," akasema. "Ule muchezo mimi siupendi. Sikuupendaka hata siku moja. Kampala wale wenye walicheza walipewaka chakula cha mchana. Mama njo anafikiri nilikuwa na raha." Nikamwambia asijali. Akaniuliza kama mimi naupenda. Nikasema ndiyo, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Sikumwambia kocha. Nilifikiri itakuwa rahisi: atapiga simu kule Alby, ataambiwa bado anafikiri, atapiga tena, atachoka, halafu atakuja kwangu. Atasema tumekwama, hebu turudie tulipokuwa. Nami nitakataa kidogo, kisha nitakubali. Kujirudisha mwenyewe baada ya kusema nimepisha mbele ya watu nisingeweza. Bora niombwe. Baridi ikaingia, nikawa naweka simu mezani pale Husby, uso wake juu, nikila nikiiangalia.

Simu ilipolia, ilikuwa mwaliko. Walinifanyia sherehe ya kuniaga kibandani, wakawasha mishumaa, wakapika divai yao ya viungo, na mimi nikapewa ya maji ya matunda. Kocha akasoma hotuba. Alieleza ule mpira wangu wa kwanza ulivyovuka uzio, na ule utu niliouonyesha Alby. Watu wazima wakapiga makofi wamesimama. Nilipewa gongo jipya lililotiwa saini na wachezaji wote, nikalibeba kwenye treni mpaka nyumbani, abiria wamenikalia mbali. Nililiweka nyuma ya mlango. Sikuhisi chochote, na nilijua kwamba kutohisi huko si kuzuri.

Theluji ilipokuwa inayeyuka mama wa Alby akanipigia. Alikuwa amepata namba yangu kwa mwanawe. Baada ya salamu akauliza, "Wamekurudisha?" Nikasema bado. Akauliza wanangoja nini, na mwanawe ameshamwambia yule muzungu hapana, kwa Kiswidi kizuri. Nikamwambia nadhani watanipigia wenyewe. Akakasirika, nikasikia anavyovuta hewa. "Baba, watu wa huku hawabembelezake mutu. Ukisema umeshiba wanaosha sahani. Uende useme kwa kinywa chako unataka."

Basi nikaenda. Nilingoja mchezo wa kwanza wa msimu, nikavaa jaketi la timu, nikatia viatu vyangu vya kuchezea kwenye begi na yale maneno yote ya Kiswidi kichwani. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Moyo ulinienda mbio kutoka kituoni mpaka uwanjani. Ilikuwa zamani sijausikia unakwenda hivyo, nikaona ni dalili njema.

Wenzangu walifurahi kuniona, wakanikumbatia, wakanipisha kwenye benchi la watazamaji pamoja na wake zao. Kocha akaja na kahawa yangu, sukari ameshaitia, kwa kiasi changu. Akakaa. Nikaona nisipoteze muda.

"Nataka kurudi kupiga," nikamwambia. Nilisema hivyo hivyo, kavu, bila dibaji. Kwa Kiswahili nisingeweza kulitamka.

Akanigeukia. Nilidhani nitaona masikio yakiwa mekundu, hayakuwa. Aliniangalia kwa upole kabisa.

"Lakini wewe mwenyewe ulisema imetosha."

"Nilisema. Lakini nataka."

Akafikiri. Mpigaji wa kwanza wa timu yetu alikuwa ameshaingia uwanjani. "Ungeniambia wakati wa baridi," kocha akasema. "Yule wa Alby alipokataa nilitaka sana kukupigia. Nilishika simu. Nikajiambia hapana, ameamua, si haki kumsumbua mtu aliyeamua." Kisha akanieleza, polepole, kama darasani, kwamba sheria haiilazimishi timu kuwa na mtu wa kupiga tu. Mrushaji wenu anaweza kujipigia mwenyewe. Walijaribu kwenye mazoezi ya ndani, ikawa sawa, kila mtu akaizoea, na karatasi ya msimu imeshapangwa hivyo.

"Tumegundua kwamba hatuhitaji mtu pale," akasema. Alisema kwa furaha kidogo, kama unavyompa habari njema mtu wa zamani wa kazini, kwamba usiwe na wasiwasi, mambo yanakwenda.

Nikamwambia naelewa. Na nilielewa kila neno, hilo ndilo lililoniuma. Iliniuma kifuani, upande mmoja kisha wa pili, maumivu ya kweli, yenye mahali pake, nikainama kujifanya nafunga kamba ya kiatu. Angekuwapo mtu mwingine amesimama pale na gongo, bora kuliko mimi, ningemchukia na ingenisaidia. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimempisha mtu ambaye hakuja, na walipopatazama pale nilipokuwa wakaona panaweza kukaa bila mtu.

Kocha akanipigapiga gotini, lile zima, akarudi kwa vijana wake. Zamu yangu ya zamani ikafika. Mrushaji wetu akatoka na gongo, mtu mwembamba, fundi umeme, analishika kama ufagio. Ukaja mpira akaukosa. Ukaja mwingine akaukosa. Wa tatu, ambao ndio wa mwisho, hata hakuujaribu, aliusindikiza kwa macho, akaambiwa umetoka. Akarudi kwenye benchi anacheka, wenzake wanamcheka, na wale wake zao waliokuwa pembeni yangu wakampigia makofi kwa kujitahidi. Mmoja akanigeukia akatabasamu, akaona mimi sipigi. Nikaweka kikombe chini, nikampigia makofi na mimi.